Kompyuta ya Masweta na Jirani wa Omena

Machi 11

Nesi wa kliniki amesema presha yangu haitashuka kwa vidonge peke yake. Ati niwe naandika kila kitu kinachonikasirisha, nikiache kwenye karatasi badala ya kulala nacho. Nilimwambia kalamu itaisha wino. Hakucheka.

Basi naanza. Stima imepotea tangu asubuhi kwa sababu ya mvua, na mimi ni fundi wa redio na televisheni, kwa hiyo leo nimekuwa mtu aliyekaa tu. Boaz, kijana wa kutengeneza simu ninayegawana naye kibanda hapa kituo cha Kawangware 56, ana pawabanki, na amefanya kazi siku nzima akipiga mluzi. Mama Mitchelle, anayeuza omena mlangoni petu, amewasogeza samaki wake chini ya mabati yetu wasilowe. Mlango umebaki wa kupita ubavu ubavu.

Presha ya leo sijui. Sina kipimo.

Machi 13

Katunge ameniletea maiti.

Alikuja kutoka Silanga, kule Kibera upande wa dam, na mtu wa mkokoteni na kitu kimefungwa kwa blanketi. Nikadhani ni televisheni. Kumbe ni kompyuta, ya zamani hasa, rangi ya meno ya mvuta sigara, ina mdomo wa flopi mbele. Katunge ni wa kwetu Kitui na mama yake aliimba kwaya moja na dada yangu, kwa hiyo hakuuliza kama nina nafasi. Aliiweka juu ya redio ya mtu.

Yeye na wenzake wanafuma masweta ya shule. Mashine yao waliachiwa na misheni iliyofunga kazi, na kompyuta hii ndiyo inayoiambia sindano ipi ipande na ipi ishuke. Ndiyo maana jina la shule hutokea kifuani likiwa limefumwa ndani, si kitambaa cha kushonea juu. Bila kompyuta, ile mashine ni kitanda cha chuma. Sasa wamepata oda ya shule nzima, na masweta yanatakiwa shule zikifunguliwa mwisho wa Aprili. Wakishindwa, kuna bwana mwenye karakana nyuma ya Nyayo Highrise anaingojea hiyo oda, na kazi ikienda kwake haitarudi tena Silanga.

"Inawaka vizuri, inaandika maneno, halafu inanyamaza," Katunge akasema. "Kama mtu amesahau chenye alikuwa anasema."

"Kuna fundi mwingine ameiona?"

"Mmoja alisema ni virus. Mwingine alitaka kuinunua kama scrap."

Boaz akaingilia, maana Boaz huingilia. "Mathe, si uchukue tu laptop? Ex-UK, zile za mtumba, ziko mob huku."

Katunge akafungua kifuniko na kumwonyesha kadi ndefu iliyochomekwa ndani, ile inayounganisha kompyuta na mashine ya kufuma. "Laptop yako hii inaingia wapi?"

Boaz akaigeuza laptop yake pande zote, kisha akarudi kwa simu zake. Nilifurahi, lakini nesi hakusema niandike yanayofurahisha.

Machi 14

Nimeifungua. Ugonjwa ni ule nilioufikiria: kapasita zimezeeka. Hivi ni vikopo vidogo vya bati, vingine sawa na kifuniko cha kalamu, na kazi yao ni kama ya tangi la plot. Maji ya kanjo, yale ya jiji, huja kwa kishindo na kukatika, lakini mpangaji aliye chini ya tangi hupata mfereji unaotiririka vizuri. Kapasita hufanya hivyo kwa umeme. Ikizeeka, maji yaliyo ndani yake hukauka au huvuja, umeme huanza kuyumba, na kompyuta husahau ilichokuwa ikisema.

Kapasita mbovu huvimba kichwa. Hilo nilifundishwa nikianza ufundi na halijawahi kunidanganya. Kwenye bodi nimezipata zilizovimba, nimezitia alama, na zilizosimama wima nimeziacha. Boaz akachungulia.

"Mzae, badilisha zote. Si zilizaliwa siku moja?"

"Ukiumwa jino moja, unang'oa yote?"

Nikawasha chuma cha kulehemu na kuanza kuzitoa. Papo hapo harufu ya samaki ikajaa kibandani, nzito, ya kukaa kooni. Nikatoa kichwa nje.

"Mama Mitchelle, hiyo omena ya leo umeitoa wapi? Imeoza."

Ametulia huyo mama, na utulivu wake unaniudhi kuliko matusi. Akachukua omena mbili, akaziweka kwenye kiganja na kuninyooshea.

"Baba Kaluki, nusa. Hii ni kavu kama kuni. Hiyo yenye unasikia si yangu."

Sikunusa. Nina kazi.

Machi 17

Stima hakuna. Mvua ipo.

Machi 18

Stima ilikuja, nikainua chuma, ikaenda. Katunge amepiga simu asubuhi, mchana na jioni, kama mtu anayemeza dawa.

Machi 21

Kila fundi ana mkebe wake. Wangu ni wa mafuta ya kupikia, umejaa vipuri nilivyong'oa kwenye televisheni zilizokufa tangu Kaluki binti yangu akiwa chekechea. Sitawahi kutupa kitu kinachoweza kusaidia. Nilichagua kapasita zenye vipimo sawa, nikazilehemu vizuri, nikawasha. Kompyuta haikusema hata lile neno la kwanza. Nilikuwa nimetoa wazee nikaweka wazee.

Boaz alipiga mluzi.

Machi 25

Nimekwenda mjini kununua mpya. Mwenye duka akaapa ni halisi, ameapa hata kwa jina la mama yake. Nimefika hapa, moja nikaikwaruza na ukucha, ngozi ikatoka kama ya kiazi, na chini yake kuna ngozi nyingine yenye kipimo kingine, kidogo zaidi. Kapasita imevalishwa koti la mkubwa wake. Kesho narudi, na yule jamaa atamjua mtu wa Kitui.

Machi 26

Duka limefungwa. Jirani yake anasema ameenda mazishi. Nimenunua kwingine, na nimeikwaruza kila moja mbele ya mwenyewe mpaka akaniuliza kama mimi ni polisi.

Machi 28

Leo nilikaribia kuwa mtu mwenye furaha. Nimeweka kapasita mpya na kusafisha bodi kwa spiriti na mswaki. Nikawasha na maneno yakatokea. Flopi ikakoroma. Sweta likajichora kwenye skrini kwa visanduku vidogo, na jina la shule kifuani. Nilimpigia Katunge, akaja mbio kutoka Silanga na matope mpaka magotini. Akasimama mbele ya skrini akaanza kuimba, na Boaz naye akamsaidia kupiga makofi.

Walipofika kiitikio, skrini ikaganda.

Katunge akaendelea kuimba kidogo, kama mtu asiyetaka kuwa wa kwanza kujua. Kisha akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Fundi, kama haiwezekani niambie leo. Tuko wanawake wengi kwa hiyo mashine. Wanza mwenzetu ameacha kufua nguo za watu juu ya hii oda."

Nikamwambia inawezekana. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nilipima umeme unaotoka kwenye boksi la pawa, lile linalopokea stima ya ukutani na kuigawia kompyuta, ukawa sawa kabisa. Nilipima mara tu nilipoiwasha tena, mashine ikiwa imepoa. Naandika hili nikikumbuke.

Na wakati huo wote samaki ananuka.

Aprili 2

Imenyesha tangu alfajiri na tumeshusha turubai la mlangoni. Kompyuta inaganda kila ikipata moto. Mteja wa redio ameingia, akajiziba pua, akatoka na redio yake. Nimeona redio ikiondoka kwa miguu yake yenyewe.

Basi nikafanya nilichokuwa nimetishia kufanya. Nilimwita Wainaina, keyateka anayesimamia vibanda hivi, nikamwambia mbele ya kila mtu, mpaka wauza nguo za mitumba wakageuka, kwamba Mama Mitchelle anauza samaki walioharibika na ananifukuzia wateja.

Mama Mitchelle hakupandisha sauti. "Mutie, umesema mimi nauza nini?"

Hajawahi kuniita Mutie. Ni Baba Kaluki siku zote.

Aprili 3

Wainaina amemhamishia ng'ambo, kando ya mtaro, kwenye nafasi iliyoachwa na muuza viatu. Hakuna mabati huko. Amefunga mwavuli kwenye nguzo.

Sasa nitafanya kazi kwa amani.

Aprili 4

Sikujua ni mara ngapi kwa siku huyo mama hunichungia kibanda. Nikienda msalani, nafunga. Nikienda kula, nafunga. Boaz ana masikio yaliyozibwa na vile vidude vya muziki. Mtu anaweza kubeba meza na yeye akamsaidia kuinua.

Harufu imepungua. Nadhani imepungua.

Aprili 7

Nimemsalimia ng'ambo ya barabara. Aliitikia kwa mkono bila kuangalia juu.

Aprili 9

Katunge amekuja na wenzake. Wamekaa kwenye benchi langu wamepakata mikoba, wakitazama mikono yangu. Hakuna kitu kigumu kama kulehemu ukitazamwa na wanawake wanaokuamini. Wanza akaniambia yule bwana wa karakana amempelekea mwalimu mkuu sweta la kuonyesha, na jina la shule limeshonewa juu na uzi unaotoka. Walicheka, lakini hawakuwa wamefurahi.

Nimebadilisha kila nilichodhani ni kibovu kwenye bodi. Nimechafua kidole kwa kufuata kila njia ya umeme. Katunge aliniuliza kama tuombe. Nikasema ombeni, mimi niko na mita ya kupima umeme. Wakaomba, na Boaz akavua vidude vyake masikioni kwa heshima, jambo ambalo hajawahi kunifanyia.

Ikawaka. Ikaganda.

Aprili 12

Mvua ya leo haikuwa ya kawaida. Mtaro umejaa na kumwagika barabarani, maji meusi na chupa na kila uchafu wa Kawangware. Nilikuwa mlangoni nikiinua nyaya. Nikamwona Mama Mitchelle ng'ambo akiwa amekumbatia gunia la omena kifuani kama mtoto mgonjwa, maji yako kwenye magoti, na gunia lingine limekwisha kulowa chini. Mwavuli ulikuwa umepinduka.

Nilianza kuvuka. Wenye mitumba wakamfikia kwanza, wakambebea. Nilirudi.

Boaz aliona yote. Akasema polepole, bila utani, "Mzae, kwa kweli omena yake haikuwa mbaya. Mimi hula."

Aprili 14

Leo imenikasirisha siku nzima, na naiandika yote kwa sababu nikilala nayo sitaamka.

Jua lilitoka. Mara ya kwanza kwa muda mrefu barabara ilikauka, na watu wakaanika hata magodoro. Mama Mitchelle hakuja. Mwavuli wake umelala kwenye mtaro. Hakuna omena hapa, hakuna ng'ambo, hakuna hata gamba, na upepo ulikuwa ukitoka upande wa saluni, unanuka mafuta ya nywele.

Nikawasha kompyuta ya Katunge, nikakaa kuingoja igande, maana hiyo ndiyo kazi yangu siku hizi. Ikapata moto. Na samaki akaja.

Nilisimama. Nikatoka nje, nikanusa: mafuta ya nywele. Nikarudi ndani: samaki. Nikamwambia Boaz afungue begi lake. Akafungua. Chaja, na chapati iliyofungwa kwa gazeti.

"Boaz, unasikia harufu?"

"Ya samaki? Iko tu, mzae. Iko tangu hiyo mashine ije."

"Mbona hukusema?"

"Si ulisema ni ya Mama Mitchelle."

Nikainamisha pua kwenye bodi. Si hapo. Nikaifuata harufu kama paka, nyuma, kwenye boksi la pawa, pale kifeni kinapotoa hewa. Kilinipulizia usoni kama mtu aliyekula omena za jana. Macho yakatoka machozi.

Nilizima, nikachomoa, nikamaliza umeme uliobaki ndani kwa balbu ya zamani, maana boksi hilo humpiga mtu hata likiwa limezimwa. Nikafungua. Kapasita zote zimesimama wima. Hakuna iliyovimba kichwa, hata moja. Ungezipiga picha ukaweka dukani. Nikang'oa ya kwanza. Chini yake bodi ilikuwa imelowa na kugeuka kahawia, na njia za shaba zimeliwa. Nikaigusa na chuma cha moto, na harufu ikapanda mpaka Boaz akatoka nje.

Zilikuwa zinavuja chini, na yale maji yake ndiyo yanayonuka samaki yakipata moto. Miaka yote mimi nimekuwa nikiangalia vichwa. Na zile za kwanza nilizozitoa mwezi uliopita zilinuka hivyo hivyo chini ya chuma, na mimi nikatoa kichwa mlangoni kumfokea mwanamke aliyenyoosha kiganja akaniambia ninuse.

Nimekaa na kapasita moja mkononi mchana wote. Nesi alisema niandike kinachonikasirisha. Leo ni Mutie.

Aprili 15

Nimebadilisha zote kwenye boksi la pawa, na kwenye bodi zile nilizokuwa nimeziacha kwa sababu zimesimama. Boaz alinishikia tochi ya simu na hakusema "nilikuambia", ingawa alikuwa na haki nayo. Nilisafisha kwa spiriti, nikaunganisha njia zilizoliwa kwa nyaya nyembamba, nikafunga. Iliwaka asubuhi na mchana ilikuwa bado inawaka. Haina harufu yoyote zaidi ya vumbi.

Nimempigia Katunge. Safari hii hakuimba. Alisema, "Acha kwanza niione ikifuma," na sikumlaumu. Amekuja na mkokoteni, na jioni akanipigia, akaweka simu karibu na mashine. Nilisikia lile behewa linalopita juu ya sindano likienda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka salio lake likaisha.

Nilipaswa kulala kama mfalme. Kuna mlango sijaugonga.

Aprili 16

Nimekwenda kwa Mama Mitchelle, plot ya nyuma ya kanisa. Mitchelle ndiye aliyefungua, akanitazama kama mtu aliyeambiwa habari zangu. Mama yake alikuwa ametandaza omena zilizolowa juu ya gunia, akichagua. Nyingi zilikuwa za kutupa. Sasa hizo kweli zilinuka, na mimi ndiye niliyezipa hiyo harufu.

Nikatoa kapasita mfukoni, nikampa na kumwambia anuse. Akanusa. Akanusa tena, kisha akacheka kicheko kifupi kisicho na utamu.

"Kwa hivyo ndio hii."

"Ndio hii. Mama Mitchelle, nimekukosea. Naomba unisamehe."

Akairudisha kwenye kiganja changu. "Baba Kaluki, ulinisema hapa kwangu?"

"La."

"Ulinisema wapi?"

"Pale, mbele ya watu."

"Basi mbona msamaha umeuleta huku uchochoroni?"

Hakunifukuza. Alinipa kiti, hata chai, na nikaondoka nikiwa nimeungua zaidi kuliko kama angenifukuza.

Aprili 17

Nimefanya. Mchana, watu wakiwa wengi, nilimwita Wainaina na wenye mitumba na wa saluni na yeyote aliyekuwa na masikio. Nikasema nilidanganya kuhusu omena ya Mama Mitchelle. Nikasema harufu ilikuwa yangu. Katikati Boaz akanipa maji. Mmoja wa mitumba akasema, "Kwa hivyo fundi ndiye alikuwa anaoza," na watu wakacheka sana, na mimi nikasema ndiyo.

Kisha nikabeba meza yake kutoka mtaroni, mwenyewe, matope yakiniingia viatuni. Sikuiweka mlangoni ilipokuwa. Niliiweka ndani, chini ya mabati, kwenye nafasi yangu ambayo haivuji. Meza yangu iko mlangoni sasa. Wainaina ameanza kusema vibanda ni vya mafundi tu, nikamwambia basi mimi ndiye nimekodi mahali pa kuweka omena.

Mama Mitchelle aliangalia matone yakidondoka kwenye mkebe wangu wa vipuri. "Huo mkebe utapata kutu," akasema.

"Acha upate."

Aprili 22

Katunge amesema mashine haijaganda hata mara moja. Wanafuma kwa zamu. Wanza analala karakanani kwao.

Aprili 24

Mvua imenilowesha mgongo mzima. Mteja wa ndani yuko mkavu ananunua omena. Siandiki zaidi, karatasi imelowa.

Aprili 29

Shule zimefunguliwa jana. Katunge amepita na sweta moja begani, lile la mwisho, ambalo mkono mmoja ulitoka mrefu. Mengine yamepokelewa yote. Hilo ameniletea mimi. Ni la mtoto wa darasa la saba na halinipiti kichwani, lakini limefumwa vizuri, jina liko ndani ya sweta lenyewe, haliwezi kubanduka. Nimelitundika kwenye msumari juu ya meza.

Nesi amepima presha. Ameniuliza nimebadilisha nini. Nikasema nafasi ya kukaa.

Mchana akaja mama mmoja na redio yake, mtu wa nguo nzuri, sijui alipotea vipi. Akaiweka mezani, kisha akakunja pua, akatazama huku na huku.

"Fundi, mbona kwako kunanuka samaki?"

Nyuma yangu nilisikia Mama Mitchelle ameacha kupima. Hata Boaz alitoa kidude kimoja sikioni.

"Ni omena, mama," nikamwambia. "Kavu kama kuni. Nyoosha mkono, unuse."